Jeep Haijakanyaga Chini

Zaituni,

Salamu zangu unazijua. Mambo ya sweta, ya kutokula vitu vya njiani na ya kupiga simu ukifika kituo cha Nyabugogo, mama yako ameshakuambia mpaka masikio yamekuchoka. Hayo nayaruka. Nakuandikia kwa sababu nikifungua mdomo tutagombana tena, na mdomo wangu naujua, hauna breki.

Umekwenda kumuaga shangazi yako Tantine Mwajuma na utarudi baada ya Isha. Jua ndiyo kwanza linashuka. Mama yako yuko jikoni anakaanga sambusa za safari, na kila nikipita mlangoni ananitupia jicho. Sasa hivi amesema, "Papa Zaituni, kaa chini. Uko napima nyumba?" Basi nimekaa. Tangu adhuhuri nilikuwa sijakaa mahali.

Jambo lenyewe unalijua, lakini acha niliandike lote, maana likibaki kichwani mwangu linazunguka tu. Ukutani kwa gereji ya Papa Deo kuna jeep. Umeichora wewe, na mimi sikugusa hata mstari. Ina boneti, ina bampa la chuma, ina galeri ya kubebea mizigo juu ya paa, ina lile bomba la kuvuta hewa lililopanda ubavuni, ina matope yaliyoruka mpaka kwenye mlango. Magurudumu haina. Inaning'inia hewani kama nguo kwenye kamba. Na wewe unaondoka kesho asubuhi, na yule bwana wa karakana ya Kigali, anayepamba magari ya watalii, amekuambia uje na picha ya kazi uliyoifanya kwa mkono wako toka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Bila picha hiyo anaweza kukupa ufagio badala ya brashi. Na Kamembe nzima huna kazi ya namna hiyo, kwa sababu katika nyumba hii magurudumu huchorwa na mimi.

Ungeweza kumdanganya. Ungepiga picha jeep yoyote kati ya zile tulizochora pamoja ukasema yote ni yako, na nani angejua? Hukutaka. Ulikuja kuniomba.

"Papa," ulisema, "leo mapine nitachora miye."

Mimi nilikuwa nimeshaishika brashi, na wewe umeshika kopo la rangi kama kawaida yetu. Mwanafunzi hushika kopo, fundi huchora. Mwanafunzi akikomaa huachiwa mwili wa gari, lakini kukanyagisha ni kwa fundi. Neno hilo ni la babu yako. Alikuwa akisema gari bado halijakanyaga chini mpaka mwenye karakana aliwekee magurudumu.

"Utachora gisi gani?" nikakuuliza.

Ukapiga mstari hewani kwa kidole. Ukasema ya mbele yatakata kona, hayatanyooka.

"Nani amekata usukani? Mule ndani hamuna muntu."

"Alikuwa mule, Papa. Ameshuka."

"Kwetu mapine inanyooka."

"Juu ya nini?"

"Juu ni vile."

Juu ni vile! Mtu mzima, mvi kidevuni, na jibu langu ndilo hilo. Wewe ukaichukua brashi mkononi mwangu, ukaiweka ndani ya kopo polepole, ukaondoka. Ungeitupa ningepiga kelele, tungepigizana kelele, jioni tungekula pamoja. Lakini uliiweka polepole. Tangu siku hiyo nasikia "ndiyo, Papa" na "hapana, Papa", na nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Nimesimama tena. Nimekwenda kuangalia kama mvua inakuja. Inakuja, lakini bado iko upande wa Kongo.

Babu yako Mzee Shabani, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa dini na mtu wa rangi, na mambo hayo mawili aliyapatanisha kwa kanuni moja: chora kisicho na pumzi. Kinyozi akitaka tangazo alichorewa mashine na kitana, kichwa hapana. Mwuza nyama alipata kisu na mizani. Nakumbuka mmoja alilalamika, "Mzee, ng'ombe iko wapi?" Babu yako hakugeuka hata kumtazama. "Ng'ombe balishakula," akasema, akaendelea kupaka.

Ndiyo maana sisi tukawa watu wa magari. Gari halina pumzi, na watu wa milima hii wanaipenda jeep kuliko wanavyowapenda shemeji zao. Lakini mle ndani hatukuweka dereva, wala kiwiko cha dereva dirishani. Kuta zote toka Kamembe mpaka tambarare ya Bugarama zina jeep zetu tupu, zimesimama, magurudumu yamenyooka. Watu wamezoea, wala hakuna aliyeuliza mpaka ulipouliza wewe.

Mimi kuchora nilijifunzia kando ya uwanja wa ndege wa hapa Kamembe. Jeep zilikuwa zikija kupokea wageni, zinajipanga mstari, zinasubiri. Nilikaa kwenye nyasi ng'ambo ya barabara na kipande cha mkaa na karatasi ya mfuko wa simenti niliyoigeuza ndani nje. Nikaanza na taa. Kila mtu huanza na taa, maana zinapendeza. Nilizichora taa mpaka ungesema zinawaka, kisha nikaanza kuzitafutia gari. Boneti ikakosa nafasi. Mlango ukawa mwembamba hata mtoto asingepita. Nikampelekea babu yako karatasi, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Taa ni muzuri," akasema. "Sasa tafuta gari yake."

Ndipo akanionyesha masanduku. Sanduku kubwa chini, sanduku dogo juu yake. Wewe hayo uliyajua mapema kuliko mimi, ulikuwa ukichora masanduku wakati wenzako wanachora maua. Jeep ni masanduku mawili na kiburi kidogo. Ukishayapata unavuta mstari wa ardhi, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu teksi ya mjini hulala karibu na ardhi lakini jeep huacha hewa chini ya tumbo. Na kati ya gurudumu na bati lililo juu yake acha nafasi, mkono uweze kuingia. Nafasi hiyo tupu ndiyo inayomwambia mtu kwamba gari hili linapita matope ya Nyakabuye mwezi wa nne. Ukiiziba kwa kupenda urembo umechora teksi iliyovimba.

Nilichelewa kuyaelewa hayo, na si kwenye karatasi tu. Hata ndoa niliianza na taa. Muulize mama yako. Nilishona suti, nikanunua viatu vyenye mdomo mrefu, nikatafuta mpiga ngoma, na sikuwa nimejua tutalala wapi. Tulilala kwa Tantine Mwajuma, nyuma ya pazia, hata mama yako akaacha kucheka. Sikwambii usivae vizuri huko Kigali. Nakwambia tu kwamba viatu vile viliniuma.

Mama yako ameingia, amesoma mstari huo juu ya bega langu, amesema, "Andika pia kama ile suti ilipasuka." Ilipasuka.

Sasa nikwambie kwa nini nayalinda magurudumu. Sehemu yake unaijua, maana hata makonda wa mabasi madogo wanaijua.

Tulikuwa Nyakabuye, babu yako na mimi, tunachora jeep kwenye ghala la mpunga. Homa ikamshika akalala. Mwili wa gari ulikuwa umekamilika. Nikajiambia, leo nakanyagisha mimi. Nikaazima beseni kwa mama aliyekuwa akitupikia, nikaliegemeza ukutani, nikalizungusha mkaa. Nikapata duara safi lisilo na kosa. Nikahamisha beseni, nikapiga la pili. Nikajaza nyeusi, nikaweka vyuma vya katikati, kila nati mahali pake. Watoto wakapiga makofi. Nikarudi nyuma kuangalia, kifua mbele, nikamsubiri mtu mzima apite anisifu.

Akapita bibi mmoja na mzigo wa majani ya muhogo kichwani. Akasimama. Akaangalia vizuri, mzigo haukutikisika.

"Ni muzuri," akasema. "Itaruka lini?"

Kweli, Zaituni. Magurudumu yalikuwa mazima, mviringo mtupu, yamegusa mstari wa ardhi kwa ncha tu. Uzito haukuwepo. Lile gari lilikuwa linapaa. Kufika jioni kila mtu Nyakabuye alikuwa analiita ndege. Babu yako akaamka kitandani, akajifunga blanketi, akaja kuangalia, akacheka mpaka akakohoa. "Banasema wee ni wa Kamembe," akaniambia, "uko na uwanja wa ndege mu kichwa." Nikamwomba tufute. Akakataa. Ghala lile limeshapakwa rangi upya mara nyingi, lakini kituo cha pale mpaka leo makonda wanakiita Kwa Ndege, na mimi nikiwa ndani ya basi hushuka kituo kinachofuata, nirudi kwa miguu.

Kilichonifundisha gurudumu ni barabara ya Gikundamvura. Nilipewa lifti na jeep ya ushirika, masika, nikiwa na makopo yangu. Tukakwama. Tukashuka wote kusukuma, na mimi nikaangukia nyuma, bega kwenye chuma, uso chini kabisa karibu na gurudumu. Lilipozunguka lilinilisha matope, sitasema uongo. Lakini kabla sijafumba macho niliona. Kule chini gurudumu si duara. Limebonyea, limekaa kama mtu mnene anavyokaa kwenye kiti, na matope yamemeza ukingo wake. Nilirudi nyumbani mchafu nimefurahi, mama yako akafikiri nimerukwa na akili. Tangu siku hiyo sijachora gurudumu zima. Sehemu ya chini naiachia ardhi. Wateja wananiambia nimewapunja, nami nawajibu waende wakachimbe, watalikuta.

Basi ndiyo hayo. Taa ikikosewa watu hawajui, lakini gurudumu likikosewa mtaa mzima unajua, na mtaa hausahau. Nilikuwa najiambia nakukinga na kicheko.

Lakini hiyo ni nusu, na mimi leo sina raha ya kuandika nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka ubaki. Madhali magurudumu yako mikononi mwangu, kuna kitu unakisubiri katika nyumba hii. Ukishapewa, unasubiri nini tena? Ndiyo hivyo, nimeandika. Kalamu imesema kabla mdomo haujaharibu.

Mvua imeanza kudondoka. Nakwenda kufunika ule ukuta, nitaendelea nikirudi.

Nimerudi. Nimeswali Magharibi, nguo zimelowa, mama yako amenipa taulo na maneno. Mvua haikuwa kubwa, ilitishia tu, lakini turubai nimeliweka na mawe juu yake.

Papa Deo alikuwa anafunga. Unamjua, amekulia Bukavu na amerudi na utani wa Bukavu wote, hakuacha hata mmoja mpakani. Aliponiona na turubai akapiga makofi.

"Mzee Hamisi! Unafunika nini? Jeep yangu iko sawa kuku ya kuchinja, haina maguu. Bantu banapita, banacheka. Banasema, ni gereji gani hii inakosa mapine ya jeep yake?"

"Itapata, Papa Deo."

"Lini? Mutoto wako anaenda kesho."

"Najua anaenda kesho."

Akaniona usoni, akaacha kucheka. Akasema kitu ambacho sikukitaka. "Wee Mzee, mimi batoto bangu banne beko mbali. Hakuna hata moya aliniomba kitu ya mwisho mbele ya kuenda. Balienda tu. Wako amekuomba."

Nikafunga turubai, nikaondoka, lakini miguu haikutaka nyumbani. Nikateremka ile barabara ya kwenda ziwani. Sikuwa na shughuli huko. Nilikuwa natembea tu, nagombana na wewe kichwani, na kila mara nashinda mimi, na ushindi wenyewe hauna ladha.

Katikati ya mteremko, pale kwenye kibanda cha chai, kulikuwa na jeep imeegeshwa. Nadhani ilitoka bondeni, matope mpaka madirishani. Ndani hamna mtu. Jiwe nyuma ya gurudumu. Na magurudumu ya mbele, Zaituni, yamekata. Yamekata kabisa, yameelekea ukingo wa barabara.

Nikasimama katikati ya njia. Pikipiki ikanipigia honi, dereva wake akanitukana kwa heshima.

Kijana mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi na kikombe. Nikamuuliza, "Hii jeep ni ya nani?"

"Ni yangu, Mzee. Kuna shida?"

"Hapana. Juu ya nini umekata mapine?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Mzee, hapa ni mulima. Ukiacha inyooke na freni ikatae, jeep itashuka mpaka mu ziwa. Ukikata, itagonga tu ukingo, itasimama."

"Na mule ndani hamuna muntu."

"Muntu ni miye," akasema. "Nimeshuka, niko nakunywa chai."

Ameshuka! Maneno yako, yaleyale, kwa mdomo wa mtu asiyekujua. Nikataka kucheka, nikataka kulia, nikamnunulia andazi.

Nikaendelea kushuka. Gari la pili lilikuwa limekata. La tatu nalo, na huku chini pikapu ya muuza mkaa, na lori dogo karibu na bandari. Yote matupu, yote yamekata, mengine huku mengine kule kufuata ukingo ulipo. Barabara hii nimeipita toka utoto, na kuangalia kwangu ni kazi, hicho ndicho ninachojisifia mbele za watu. Sikuona. Nilijifunza kuchora kando ya uwanja wa ndege, mahali pamoja tambarare katika mji wetu wote, ambapo gari tupu hunyooka. Na magari yale ya tambarare nikayapaka maisha yangu yote kwenye kuta za watu wa milimani, halafu nikayaita desturi. Wewe umekulia mteremkoni. Dirisha la chumba chako linaangalia barabara hii. Ulikuwa unachora ulichokiona kila asubuhi ukifunga nywele, na mimi nikakuuliza nani amekata usukani.

Na kuna jingine, hili nililifikiria wakati wa kupanda, pumzi zinanipungukia. Uliponionyesha kwa kidole kwamba yatakata, mimi niliona gari linaloondoka. Ndicho kilichonikasirisha. Kumbe gari la milimani lililokata magurudumu ndilo lililowekwa vizuri, ili lisipotee. Wewe ulikusudia lipi? Sijui. Sikukuuliza, nilikuwa nashughulika kukataa.

Unakumbuka jeep yako ya kwanza? Hukumbuki, ulikuwa hujafika hata shule. Uliichora kwa mkaa wangu, uani, kwenye ukuta ambao mama yako alikuwa ametoka kuupaka chokaa. Ilikuwa na magurudumu matano upande mmoja. Nikakuuliza, "Zaituni, haya yote ya nini?" Ukaniambia, "Juu isikwame." Mama yako alishika ufagio, mimi nikasimama mbele ya ukuta nikasema atakayeufuta atanifuta mimi kwanza. Siku ile nilikuwa fundi mzuri. Sijui kwa nini baadaye, ulipoanza kujua kweli, nikawa nakunyang'anya kalamu. Mstari wako ukipinda kidogo tu, mkono wangu ulishafika. Siku moja, hata kimo chako hakikufika dirishani, uliniambia, "Papa, uniache nikosee kwanza." Nilicheka. Niliwasimulia watu kama kichekesho. Kalamu niliendelea kukunyang'anya.

Kigali utakuta mambo yangu mengi hayana kazi. Watakuwa na mashine ya kukata karatasi za kubandika, itakata mstari ulionyooka kuliko wowote nitakaowahi kuupiga. Usiidharau, maana dharau ni ya waoga, na mimi nimedharau vitu vingi. Watakucheka unavyoongea, watasema hawa wa kwetu Cyangugu ni nusu Bukavu. Cheka nao, kisha ongea hivyohivyo. Wakikuletea jeep ya kweli, ile safi iliyotoka kuoshwa, zunguka kwanza upande wa nyuma, uiname, uangalie chini ya tumbo kabla hujagusa rangi. Na siku utakayochoka, usijilazimishe kupenda kazi. Kaa tu karibu nayo. Mimi nimeichukia rangi miaka mingine mizima, hata harufu yake, na asubuhi nikafungua kopo.

Sijui kule utakuwa nani. Hilo linanisumbua kuliko safari yenyewe. Msitu wa Nyungwe ni barabara tu, dereva ataupita. Mimi ndiye sijui nitaupitaje huu mlango wa chumba chako kesho kutwa. Nakupenda, Zaituni. Nimeshaliandika, sitalisema, usinisubiri kituoni nikalisema mbele ya makonda.

Nasikia adhana ya Isha, na sauti ya Tantine Mwajuma iko barabarani, anakusindikiza, kwa hiyo naharakisha.

Barua hii naiweka juu ya begi lako, na juu ya barua naweka brashi bapa ya babu yako, ile yenye mpini uliofungwa mpira. Usifikiri imesahaulika hapo. Ni yako. Nyeusi nimeshaichanganya, nimeitia udongo wetu kidogo kama kawaida ili isiwe nyeusi ya dukani. Papa Deo nimempigia simu, ataacha geti wazi baada ya Alfajiri. Basi lako ni saa mbili, na mwanga unatosha kuanzia saa kumi na mbili. Ukuta ni mkavu, nimeupapasa kwa kiganja. Chukua muda wako. Rangi haitakauka kabla hujaondoka, lakini picha hainusi rangi mbichi, na mama yako ataipiga kwa simu yake kwa sababu mikono yangu mimi siiamini kesho. Wewe ukishapanda basi mimi nitarudi pale, nitakaa kwenye tairi kuukuu la Papa Deo mpaka jioni nifukuze watoto wasiguse.

Sitasema neno. Nikisema neno, nipake rangi kwenye shati. Unaweza kuyachora mazima, unaweza kuyazamisha, unaweza kuweka matano. Ukitaka yakate kuelekea barabara ya Kigali, yakate. Ukitaka yakate kuelekea ukingo, yakate. Ukikosea, ukosee, na kama watu watapatungia jina mahali pale, mimi nitakuwa wa kwanza kupaita hivyo, na kituo hicho nitakuwa nashuka.

Njoo umevaa nguo za kazi, za safari utabadilisha baadaye.

Kopo nitashika mimi.

Papa yako